Litaiva Kesho, Anko

Nchi hii ina waongo wa kila aina, na baadhi yao tunawapigia kura. Lakini mwongo anayenikera kuliko wote hana chama wala jukwaa. Ana toroli, mwavuli wa kampuni ya simu na kisu kilichozungushiwa mpira kwenye mpini. Ukimuuliza kama embe limeiva, atalitazama embe, atakutazama usoni, kisha atauliza, "La kula leo au la kesho, anko?" Ukisema la leo, anakupa. Ukisema la kesho, anakupa lile lile.

Nami nalipa, kwa sababu tunda halina risiti. Pasi ikiharibika unairudisha dukani, karatasi mkononi na hasira kifuani. Embe utalirudisha na ushahidi gani, wakati nusu ya ushahidi umeshaimeza na nusu umeshaitema? Sijui biashara nyingine ambayo mnunuzi anajua alichonunua baada ya kukikata kwa kisu chake, jikoni kwake, muuzaji akiwa mtaa wa tatu anamwapia mtu mwingine.

Najua nitaambiwa sina shukrani. Wazungu wanapanda ndege kuja kula papai letu asubuhi, mimi niliyezaliwa chini ya mpapai nanung'unika. Sawa. Lakini yule mgeni anakula papai la hotelini, lililochaguliwa na mpishi anayejua anachotafuta. Mimi nakula la toroli. Msimu wa embe ukifika mwishoni mwa mwaka, pwani yote hii madodo yanaanguka juu ya mabati usiku kucha. Popo wanakula, kunguru wanakula, mbuzi wanakula na kusaza. Halafu mimi hapa mjini nakatiwa embe lisilo na ladha yoyote isipokuwa ya bei yake.

Mtu akidanganywa sana, ama anaokoka ama anasoma. Mimi nilisoma, na kusoma kumenizidishia hasira. Zamani nilijua tu kwamba nadanganywa. Sasa najua na namna.

Tunadhani tunda likiiva limeiva, basi, habari imekwisha. Kumbe kuiva ni jengo la serikali lenye ofisi nyingi, kila ofisi na saa zake za kufungua, na hakuna inayomuuliza jirani yake amefikia wapi.

Rangi ndiyo mapokezi. Inakuchekea, inakukaribisha, na haijui lolote linaloendelea ofisi za nyuma. Ile njano ya ndizi haiji siku ndizi inapoiva. Ilikuwemo tangu zamani, imefunikwa na kijani cha klorofili. Klorofili ikivunjwa na kuondoka, njano inaonekana, nasi tunapiga makofi kana kwamba kuna mtu kafanya kazi. Wekundu wa shavu la embe ndio usiseme. Ule unategemea jua lililipiga tunda upande gani likiwa mtini. Embe lenye shavu jekundu linakueleza lilikuwa linatazama wapi. Habari za utamu hazimo. Na kuna embe aina ya Keitt, linalolimwa sana kwa ajili ya kusafirishwa nje, ambalo huiva likawa tamu kabisa huku ganda lake lingali kijani. Mpe mtu wa mjini Keitt lililoiva, atakurushia.

Ofisi ya sukari iko nyuma, na huko ndiko kazi nzito iliko. Ndizi mbichi ina wanga unaofika kama asilimia 20 ya uzito wa nyama yake. Ndio huo unaotupa mtori. Zamu ya kuiva ikifika, vimeng'enya vinaukatakata wanga huo mpaka unakuwa sukari: sukrosi, glukosi, fruktosi. Ndizi ikiiva barabara, wanga uliobaki ni kama asilimia 1 au 2 tu. Hakuna aliyeongeza kitu. Kilichokuwa ghalani kimetolewa nje na kubadilishwa jina.

Chumba cha pili yake kinashughulikia ulaini. Seli za tunda zinashikamanishwa na pektini, ile ile inayogandisha jemu, na kuna vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kuilegeza. Cha tatu ni cha ukakasi. Ukiuma ndizi mbichi, tanini inazikamata protini za mate yako na mdomo unakauka papo hapo. Ndizi ikiiva, tanini hazitoki. Zinaungana kuwa mafungu makubwa yasiyoweza tena kukamata mate. Ziko ndani mle mle, zimefungwa mikono tu. Chumba cha nne ni cha asidi. Embe bichi lina asidi ya sitriki, ile ya ndimu, ndiyo maana wanafunzi wanalila na chumvi na pilipili huku jicho moja limefumba. Asidi hiyo hupungua kadiri embe linavyoiva. Ukwaju pekee ndio wenye msimamo: sukari yake inapanda, lakini asidi yake ya tartariki haishuki. Mkali ukiwa mchanga, mkali ukiwa umepea, mkali ndani ya glasi. Namheshimu mtu wa hivyo.

Ofisi ya mwisho ni ya harufu, nayo hufungua kwa kuchelewa. Ile harufu ya ndizi inayokupokea mlangoni inatokana zaidi na kitu kinachoitwa isoamili asetati. Ya embe ni mchanganyiko wa makemikali mengi, ambamo jamii ya terpini ndiyo wenye sauti. Harufu haiji kabla kazi nyingi hazijafanyika, kwa hiyo pua ndiyo shahidi mwenye afadhali. Jaribu sasa kulinusa embe kwenye kikonyo mbele ya muuzaji wa Kariakoo uone utakavyotazamwa.

Mnunuzi anaishia mapokezi. Anaona rangi, anaridhika, anabeba, anaondoka. Ofisi ya sukari haijafunguliwa bado, na huenda ghala lake halikuwahi kuletewa mzigo.

Mkuu wa jengo zima ni gesi. Inaitwa ethilini, haina rangi, na tunda linaitengeneza lenyewe. Haihitajiki nyingi: sehemu moja tu katika milioni ya hewa inatosha kuiamsha ndizi iliyokomaa. Ubaya wake ni kwamba katika ndizi, embe, papai, parachichi, pera na fenesi, ethilini ikishaanza kutoka inaliamrisha tunda litoe ethilini zaidi. Amri inazaa amri.

Mama mkwe wangu, Mungu ampe umri, ana desturi ya kutuletea mkungu wa kisukari kutoka Morogoro. Mkungu unakaa stoo ukiwa kijani kibichi. Watoto wanapita wanaukagua, wanaondoka wamenuna. Kisha chane moja inapata doa la njano, na hapo ndipo mbio zinapoanza. Ndizi moja inaiamsha ya pili, ya pili inaamsha chane, chane inaamsha mkungu. Samaki mmoja akioza wote wameoza, walisema wahenga, nami nadhani waliosema hivyo walikuwa na mkungu stoo. Jana hapakuwa na ndizi ya kula. Leo nyumba nzima ni ndizi. Tunakula ndizi na chai, ndizi na wali, ndizi na taarifa ya habari. Mtoto anatumwa kwa jirani na sahani iliyofunikwa kawa, anarudi nayo vile vile: "Mama Rehema anasema asante, na wao mkungu wao umeiva. Amesema tumsaidie." Sahani imeongezeka ndizi.

Wenzetu waliteseka na jambo hili kabla yetu. Mwaka 1910, huko Jamaica, ofisa mmoja wa kilimo aitwaye H. H. Cousins aliandika kwamba ndizi zisipakiwe melini pamoja na machungwa, maana kuna kitu kinachotoka kwenye machungwa kinachoziivisha ndizi kabla ya safari kwisha. Hakukijua ni kitu gani. Miaka tisa kabla yake, mwaka 1901, mtafiti wa Kirusi Dimitri Neljubow alikuwa St. Petersburg akishangaa miche yake ya njegere inavyoota kwa kulala lala, akafuatilia mpaka akamkamata mhalifu: ethilini iliyokuwa ndani ya gesi ya taa. Ikafika mwaka 1934, Mwingereza Richard Gane akathibitisha kwamba tunda lenyewe linaitoa gesi hiyo. Kwa hiyo tangu 1934 dunia inajua kinachoivisha tunda. Na kijana wa toroli bado ananiambia litaiva kesho, kana kwamba kesho ndiyo dawa.

Tena hiyo kesho haiyahusu matunda yote. Hapa ndipo damu inaponichemka.

Kuna matunda ambayo ukiyachuma yakiwa yamekomaa, yanaendelea na kazi nyumbani kwako. Nimeshayataja. Na kuna matunda ambayo ukiyatenga na mti, kazi imekwisha. Yaliyokuwemo ndiyo hayo hayo. Nanasi ni la kundi hili. Nanasi halina ghala la wanga. Sukari yake ilikuwa inaletwa kutoka majanini, na siku lilipokatwa shambani kule Kiwangwa, mrija ulifungwa. Baada ya hapo litageuka njano, litalainika, litachacha, litaita nzi wa mtaa mzima. Kuongeza utamu, haliongezi.

Nilijaribu kulisema hili hadharani.

"Nanasi hili bado," nilimwambia kijana.

"Linaenda, anko. Liweke juu ya friji, kesho ni asali."

"Nanasi haliivi juu ya friji."

Akafikiri kidogo. "Basi liweke chini ya kitanda."

Nanasi bichi, juu ya kukosa sukari, lina bromelaini, kimeng'enya kinachovunja protini. Ndiyo maana ulimi unawasha: wewe unalila nanasi, nalo linakula ulimi wako. Angalau hapo tunalipana.

Machungwa nayo ni hayo hayo, ila kesi yao imegeuzwa juu chini. Chungwa la Muheza linaiva likiwa kijani, kwa sababu klorofili ya ganda la chungwa inahitaji usiku wa baridi ili iondoke, na Muheza haina baridi ya kugawa. Ndani ni tamu, juu ni kijani, wala hakuna tatizo. Lakini siku hizi wametokea watu waliowahi kuona chungwa kwenye televisheni, wanasimama mbele ya meza ya machungwa yaliyoiva wanauliza kama kuna "yaliyoiva". Huko nchi za wenzetu, machungwa yanayokataa kubadilika rangi huingizwa kwenye chumba chenye ethilini. Ganda linageuka njano, maji ya ndani yanabaki vile vile. Wamepaka rangi mapokezi.

Papai ndilo mnafiki wa kundi la kwanza. Linalainika vizuri baada ya kuchumwa, linageuka rangi vizuri, kila dalili ipo. Lakini papai halina wanga wa maana wa kugeuzwa sukari. Utamu wake linaupata likiwa juu ya mpapai. Likichumwa kabla halijapata hata mstari wa njano, litalainika likiwa halina ladha, ukabaki unakamulia ndimu. Lile bichi kabisa lina heshima yake: utomvu wake mweupe una papaini, ambayo inalainisha hata nyama ya ng'ombe aliyestaafu. Kwa hiyo papai changa ni kiungo cha mishikaki. Kuniuzia kama tunda ni dhuluma.

Na sasa tuje kwenye dhambi yenyewe. Kuna mawe ya kijivu, kabaidi ya kalsiamu, ambayo mafundi wa kuchomelea vyuma wanayajua fika. Yakikutana na unyevu yanatoa gesi ya asetilini. Asetilini ni binamu wa ethilini, na tunda halimtofautishi vizuri bosi na binamu wa bosi. Likipokea amri ya binamu, linatii nusu nusu: ganda linakuwa njano upesi, nyama inalegea, lakini utamu na harufu vinabaki nyuma. Juu ya hayo, kabaidi ya viwandani huja na masalia ya arseniki na fosforasi, vitu ambavyo hakuna mtu anayevitaka karibu na mdomo wa mtoto. India wameipiga marufuku kwa kuivishia matunda, na si wao peke yao. Wanaofanya kazi hii kihalali hutumia ethilini yenyewe, kama sehemu 100 hadi 150 katika milioni, ndani ya chumba chenye ubaridi wa nyuzi 15 hadi 18 hivi, kwa siku moja au mbili. Sisi tunatumia turubai, giza na dua.

Likate embe lililopitia huko uone. Ganda ni njano iliyolingana kila mahali, bila doa, bila baka, zuri kupita kiasi. Kisu kinaingia bila kelele, kinapita ukingoni, kikikaribia kokwa kinakwama. Nyama ya nje ni njano iliyopauka. Ya ndani, inayoizunguka kokwa, ni nyeupe, ngumu, na ukiiuma meno yanashtuka kwa ukali. Ukilinusa pale kikonyo kilipokuwa hupati kitu. Hata nzi anatua, anazunguka, anaondoka. Nzi huyo hakusoma kemia, lakini hakulipa pia.

Msinielewe vibaya. Kuivisha tunda kwa gesi si uchawi wala si jambo jipya. Kagera ndizi za kukamulia lubisi huvundikwa shimoni, majani makavu ya mgomba chini na juu, na moshi ukaingizwa. Moshi una ethilini ndani yake. Bibi yetu wa kule hakuhitaji kumjua Gane. Lakini bibi huyo alikuwa na sharti moja ambalo biashara ya leo imelitupa mtaroni: hakuvundika ndizi changa. Gesi haitii sukari ndani ya tunda. Inafungua ghala, basi. Kama mti ulikuwa umeshajaza ghala, utapata utamu. Kama tunda lilichumwa likiwa changa, uliweke shimoni, kwenye pipa la mchele, kwenye gazeti au kwenye kabaidi, utaivisha ganda na matumaini yako.

Swali la maana, kwa hiyo, si kama tunda limeiva. Ni kama lilikuwa limekomaa siku lilipochumwa. Na ukomavu una alama zake, ila hakuna aliyeziandika kwenye mwavuli wa kampuni ya simu. Nenda Mabibo, kwenye lile soko watu wa Dar wanaloliita Mahakama ya Ndizi, uwatazame kina mama wazoefu wanavyochagua mkungu. Hawatazami rangi, maana yote ni kijani. Wanatazama kona. Ndizi changa ina kona kali ubavuni. Iliyokomaa imejaa, kona zimepotea. Embe lililokomaa linajaa mabega mpaka yanapanda kuzidi pale kikonyo kilipoanzia. Papai linaweka mstari wa njano. Nanasi na chungwa, hayo onja au acha.

Ukishalipata lililokomaa, hujamaliza; bado kuna nyumba yako. Kwangu kuna mgogoro wa ndizi na friji ambao hata mshenga ameshindwa kuutatua. Mama Neema anaziweka ndizi ndani ya friji "zisiharibike". Ndizi ni mtoto wa joto. Chini ya nyuzi 13 hivi seli za ganda zinaumia, na ganda linakuwa jeusi. Iliyokuwa imeshaiva, ndani huwa salama. Iliyokuwa mbichi haitaiva tena ikawa ndizi ya maana. Watoto wanaziona nyeusi, wanakataa. Nikiziacha mezani, balaa lingine. Ndizi za aina ya Cavendish, zile ndefu, zikiivia kwenye joto la zaidi ya nyuzi 24 au 25, ndani zinaiva na nje zinabaki na ukijani. Dar es Salaam ni lini tuliona nyuzi 24 mchana? Watoto wanaziona kijani, wanakataa. Wanataka ndizi ya njano kama ya kwenye kitabu cha picha, kitabu kilichochapishwa kwenye nchi isiyoota mgomba hata mmoja.

"Baba Neema, wewe unalalamikia hata ndizi?" ananiuliza.

"Silalamiki. Naeleza."

"Basi zieleze hizo zilizobaki, zimalizike."

Nimeliacha parachichi la mwisho kwa makusudi, kwa sababu nikilianza mapema sifiki kwingine. Parachichi ni tunda lenye dharau. Haliivi mtini kabisa. Linaweza kuning'inia huko Rungwe au Njombe kwa majuma na majuma baada ya kukomaa, likiongeza mafuta, bila kulainika hata kidogo. Linasubiri lichumwe ndipo lianze. Linabeba sukari zake za ajabu zenye kaboni 7, wakati glukosi ya watu wa kawaida ina 6, na wataalamu wanazihusisha sukari hizo na huo ukaidi wake wa kutoiva likiwa mtini. Likifika mezani kwako linakaa gumu. Unalibonyeza asubuhi, gumu. Unalibonyeza jioni, gumu. Unakwenda kulala. Usiku huo, bila taarifa, linaiva, linapita, na asubuhi unalikata ukute nyuzi nyeusi zimeshuka kutoka kikonyoni mpaka katikati.

Na huko kubonyeza ndiko kunakotumaliza. Kila kidole kinapolibonyeza parachichi kinapasua seli ndani yake. Seli zikipasuka, kimeng'enya kinakutana na hewa na vitu ambavyo kilikuwa kimetengwa navyo, na nyama inageuka kahawia. Ndimu inachelewesha hilo kwa asidi yake, ila ndimu unaikamulia sahanini, wakati madhara yameshafanyika sokoni. Parachichi lililokaa mezani kwa muuzaji limepimwa na mtaa mzima. Unanunua vidole vya watu usiowajua.

Mwishowe nikaenda kwa mama mmoja sokoni anayeuza maparachichi kwenye tenga, mtu mzima, ana khanga mbili na uso usiobembeleza. Nikamuuliza kwa heshima, "Mama, haya yalichumwa yakiwa yamekomaa?"

"Baba, yamechumwa."

"Yamekomaa?"

Akanieleza, bila hasira, kwamba mnunuzi wa jumla anaununua mti mzima, tena mwingine ungali na maua. Siku lori likipatikana ndiyo siku ya kuchuma, vikubwa kwa vidogo. Lililokomaa vizuri likichanganywa na safari ya siku mbili na barabara ya vumbi linafika uji. Changa linafika. "Mjini mnataka lifike," akasema, "na mnataka liwe tamu. Chagueni."

Sikuchagua. Kwa nini nichague? Mimi ndiye ninayelipia yote mawili. Ninachotaka ni mtu aseme tu: hili ni changa, nakuuzia kwa bei ya changa. Hata unga una daraja la kwanza na la pili. Tunda peke yake ndilo linalouzwa kwa bei ya siku litakayokuwa tamu, hata kama siku hiyo haipo kwenye kalenda.

Nikamwambia mama kuna namna ya kujua. Parachichi likiwa changa, ile ngozi inayoivika kokwa huwa nene na nyeupe, imekaza. Likiwa limekomaa, inakuwa nyembamba, kahawia, imekauka. Na lile changa, hata likikaa mezani mwezi, linanyauka na kuwa kama mpira, haliwi siagi. Nikamwomba akate moja tu, tuone.

"Kukata ni kununua, baba."

"Kata."

Akachukua kisu, akalizungusha parachichi kiganjani, akaligawa katikati, akanyanyua nusu moja. Kokwa ilikuwa ndani ya ngozi nene, nyeupe pee.

"Umeona?" nikasema, kwa sauti ya kutosha majirani wa meza ya pili wasikie.

Akainama, akaitazama kokwa kwa makini, akatikisa kichwa kukubali.

"Nimeona, baba," akasema, akinyoosha mkono. "Elfu moja."